Maziwa Yaliyomwagwa Mgombani

Mama mkwe wangu ana ng'ombe mmoja wa maziwa, na kwa muda mrefu niliamini anampenda kuliko anavyonipenda mimi. Sisemi kwa uchungu. Ng'ombe yule ndiye aliyemsaidia kusomesha watoto baada ya mume wake kufariki, ndiye aliyeezeka bati nyumba ya Ipyana tunayoishi sote, na hajawahi kumjibu mtu kwa ukali. Mimi nilikuja mwishoni, binti wa wafinyanzi wa Lyulilo, ninayenuka usipa, dagaa wa ziwani kwetu, na moshi wa vyungu, mwenye mdomo na mwenye ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe ni kifafa. Nilianza kuanguka nikiwa bado shule ya msingi. Siku moja nilianguka kando ya moto wa kuchomea vyungu pale ufukweni kwetu, na kovu lake linaanzia kiwiko cha kushoto mpaka karibu na bega. Tangu nilipoanzishiwa vidonge, ambavyo nameza kila jioni, sijaanguka tena. Watu wasiojua kuanguka hawawezi kuelewa maana ya sentensi hiyo. Maana yake ni kwamba naweza kupika ndizi za mbalaga kwenye mafiga bila mtu kusimama mlangoni kunilinda, naweza kuoga ziwani, naweza kubeba mtoto.

Mume wangu aliambiwa mapema, tukiwa bado wachumba. Mama yake aliambiwa kabla ya posa, na nilimngojea akatae. Aliuliza kama nakunywa dawa. Akaambiwa ndiyo. "Basi aje," akasema. "Ila mambo ya ndani yabaki ndani." Nilishukuru, na wakati huohuo nilikasirika, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa hayo mambo ya ndani. Tangu siku hiyo vidonge vyangu vilikaa chumbani, na nikijifungia kuvimeza wageni wakiwepo, yeye ndiye aliyewaongelesha kwa sauti kubwa kuhusu bei ya kakao.

Nilipopata mimba alinisindikiza kliniki mwenyewe. Daktari alikuwa mwanamke mwembamba aliyeongea haraka kana kwamba kuna mtu anamkimbiza. Nikamuuliza lile lililokuwa linaninyima raha: hivi vidonge vinamfikia mtoto?

"Vinamfikia," akasema, bila hata kusita. "Kondo la nyuma si ukuta, ni chujio. Mengine linazuia, mengine linapitisha. Dawa yako inapita, na mtoto anaipata. Lakini ukiacha dawa ukaanguka, mnakosa hewa wote wawili, na unaweza kuangukia tumbo. Ndiyo maana tunakupa kiasi kidogo kinachotosha, na tunakufuatilia."

"Na nikishajifungua?"

"Kwenye maziwa itapita pia. Utanyonyesha kama kawaida. Utaangalia tu asilale kupita kiasi, na akishindwa kuamka kunyonya umlete haraka."

Hayo ndiyo maelezo, na tuliyasikia wote wawili tukiwa tumekaa benchi moja. Mimi nilisikia "utanyonyesha". Mama mkwe wangu alisikia "inapita". Ndani ya bajaji, njia nzima, hakusema neno, na mwanamke yule akinyamaza ujue kuna kitu anakipika.

Sasa lazima nieleze kisa cha ng'ombe, maana bila hicho mtamwona mama mkwe wangu kuwa mtu mkaidi tu, naye si mkaidi. Mimba yangu ikiwa kubwa, ng'ombe aliugua kiwele. Kilivimba upande mmoja, kikawa cha moto, na maziwa yakatoka na mabonge. Bwana mifugo akaja, akamchoma sindano shingoni, akasema maziwa yale yasinywewe wala yasiuzwe mpaka yeye mwenyewe aje atoe ruhusa, kwa sababu dawa inatoka nayo. Wateja walikuja na chupa zao asubuhi, wakarudi nazo tupu. Wengine walibembeleza, wakasema wao watachemsha sana. Mama mkwe wangu hakumuuzia hata mmoja. Kila asubuhi alikamua, akaenda nyuma ya nyumba, akayamwaga yote kwenye shina la mgomba. Bwana mifugo aliporudi na kumpa ruhusa, alimsifu mbele yetu kwamba angepata wafugaji wote wa Kyela wa namna hii angestarehe.

Sifa ile ilimkaa moyoni. Aliyemsifia hakujua sifa hiyo itampeleka wapi.

Binti yangu alizaliwa hospitalini, mchana, mvua ikipiga bati mpaka mkunga akawa anapiga kelele ili nimsikie. Walimchoma sindano moja pajani, wakasema watoto wa kina mama wanaotumia dawa zangu wanaihitaji zaidi ili damu igande vizuri. Nikamwomba mkunga anionyeshe kondo. Alishangaa, lakini akaliinua kidogo kwenye beseni. Lilikuwa jekundu lililokolea, limelowa, kama ini la mbuzi lililokatwa vibaya. Nililitazama kwa heshima. Kwa miezi yote ile kitu hicho kilikuwa kimesimama kati yangu na yeye, kikipitisha chakula changu, hewa yangu na vidonge vyangu.

Tulirudi nyumbani, na mtoto akalala. Alilala vizuri sana. Ukimgusa shavu aliamka, akanyonya kwa bidii, akapumzika, akanyonya tena, akalala. Mimi niliona nimepata mtoto mpole. Mama mkwe wangu aliona kitu kingine. Alikuwa anakuja mara kwa mara kusimama juu ya kitanda, mikono kiunoni, anamtazama.

"Huyu mtoto amelewa," akasema siku moja.

"Mama, ni mchanga. Wachanga wanalala."

"Nimezaa. Nawajua wachanga. Huyu amelewa." Akakaa kwenye kigoda, na nikajua kile alichokuwa anakipika tangu kwenye bajaji sasa kimeiva. "Mwanangu, sindano ya ng'ombe iliingilia shingoni, ikatokea kwenye maziwa. Kidonge chako kinaingilia mdomoni. Kitatokea wapi?"

"Mimi si ng'ombe, mama."

"Kwani nimekuita ng'ombe? Nimesema maziwa ni maziwa."

Mume wangu alikuwepo. Kazi yake kubwa katika mabishano yetu ni kukumbuka panga alilolisahau mahali. Alikumbuka panga, akatoka.

Nilikuwa tayari kugombana. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku nyingi kwamba siku mtu atakaponiambia niache vidonge kwa ajili ya mtoto, nitamjibu jibu ambalo atalihadithia Ipyana yote. Lakini hakuniambia hivyo. Alishika mkono wangu wa kushoto, juu ya kovu, akasema, "Vidonge usiache. Nisisikie umeacha hata siku moja. Dawa ni yako, mtoto hana kosa nayo. Wewe meza, maziwa yako tuyamwage, mtoto anywe ya ng'ombe. Ng'ombe ameshapona, na maziwa nitayachemsha mwenyewe."

Ungekuwepo, nawe ungekubali. Lilikuwa jambo la busara, limesemwa kwa upole na mtu aliyewahi kufanya vilevile na akasifiwa. Nami nilikuwa na hofu yangu chini ya hofu yake. Kila nilipomwona binti yangu amelala niliona vidonge vyangu vimemlalia kifuani. Kwa hiyo nilikubali.

Kukamua maziwa yako mwenyewe ukayamwage ni kazi ambayo simwombei mwanamke yeyote. Nilikuwa nakamulia kwenye bakuli la bati, mara nyingi kwa siku, maana matiti yalijaa mpaka yakauma. Mama mkwe wangu alilipokea bakuli kwa mikono miwili, akaenda nalo nyuma. Mara moja nilimfuata. Maziwa yalikuwa yanazama kwenye udongo mweusi, pale chini ya mgomba, na mtoto analia ndani kwa njaa ya kunisubiri. Niliuchukia ule mgomba. Nikarudi ndani nikalia huku nimeuma kanga ili nisisikike.

Siku za mwanzo mtoto alichangamka kweli. Alikaa macho, akazungusha shingo kufuata mwanga wa dirisha. Mama mkwe wangu alitembea uani kama mtu aliyeshinda kesi, na mimi, pamoja na kuuma kwa matiti, nilifurahi. Halafu kuchangamka kukazidi. Akawa halali. Akilala, mlango ukifungwa tu anashtuka na mikono yote miwili juu. Akalia kilio chembamba, kirefu, ambacho sikuwahi kukisikia kwake, na chupa akaisukuma kwa ulimi. Wiki haijaisha, asubuhi nikiwa nambadilisha nepi, nikaona kidevu chake kinatetemeka. Kisha mkono. Mkono wa kushoto.

Nilimwita mama mkwe wangu. Akaja, akaona. Mtoto alitetemeka tena, vidole vidogo vile vikicheza hewani. Mama mkwe wangu alifunika mdomo kwa ncha ya kitenge na kusema, "Ee Kyala!", yaani Mungu, kama alivyozoea kumwita kwa Kinyakyusa. Hakuna aliyelitaja lile neno. Halikuhitaji kutajwa, mimi nimeishi nalo.

Nilijiambia nimempa. Kupitia kondo au kupitia damu au kwa njia ambayo hata daktari haijui, nimempa binti yangu kile nilichokuwa nakikimbia maisha yangu yote. Nilimwona ameanguka shuleni, wenzake wamemzunguka, hakuna anayethubutu kumgusa kwa sababu ya povu. Nilimwona kando ya moto. Yote hayo niliyaona kabla sijamfunga nepi.

Safari hii mume wangu hakukumbuka panga. Alikimbia barabarani kuita bajaji, akarudi nayo imejaa matope mpaka madirishani.

Daktari wetu yuleyule ndiye aliyekuwa zamu. Alimlaza mtoto mezani, akasubiri. Mkono ukatetemeka. Akauchukua taratibu, akaukunja kidogo kwenye kiwiko, akaushika.

Ukatulia.

Akauachia. Baada ya muda ukaanza tena. Akaushika. Ukatulia.

"Umeona?" akaniambia. "Degedege halizuiliki kwa kushikwa mkono. Hiki si kifafa."

Nilimwomba arudie. Akarudia, na safari ya tatu akanipa mimi niushike. Nikaushika mkono wa binti yangu na ukatulia ndani ya mkono wangu. Sijui kama ninaweza kueleza nilichokisikia. Mume wangu akanisogezea kiti.

Wakamchoma kisigino kupima sukari, wakampima joto, wakamwangalia utosi. Kisha daktari akauliza, kwa ile haraka yake, "Ananyonya mara ngapi?"

Tukatazamana. Nilitegemea mume wangu atajibu, naye alitegemea mimi. Aliyejibu ni mama mkwe wangu. Alisimama wima mbele ya meza ile na kueleza yote, kuanzia kiwele kilichovimba, bwana mifugo, sindano ya shingoni, mpaka bakuli la bati. Hakuficha kitu na hakunisingizia. "Wewe mwenyewe ulisema inapita," akamalizia.

Nilidhani daktari atamfokea. Badala yake alivuta kiti akakaa, mara ya kwanza kumwona amekaa.

"Nilisema," akakubali. "Na hukukosea, mama. Inapita. Sasa sikia kilichotokea. Mtoto huyu alikuwa anapata dawa ya mama yake tangu akiwa tumboni. Mwili wake umekulia humo, umeizoea. Alipozaliwa, kile kidogo kilichomo kwenye maziwa kikawa kinamshusha taratibu, kama mtu anavyoshuka ngazi. Ninyi mmemwondolea ngazi. Hatetemeki kwa sababu amepewa dawa. Anatetemeka kwa sababu ameikosa ghafla."

Mama mkwe wangu alikunja uso. Si mtu wa kuachia hoja njiani. "Lakini ng'ombe..."

"Yale ya ng'ombe mlimnyima nani?"

"Wateja."

"Ndama je?"

Ndama alikuwepo. Siku zote zile za kumwaga maziwa, ndama alikuwa ananyonya chuchu zilizo salama, kila asubuhi, mkia ukichezacheza, na hakuna aliyewaza kumtenga na mama yake.

"Ndama alinyonya," mama mkwe wangu akasema polepole.

"Aliruhusiwa?"

"Bwana mifugo alisema mwacheni."

"Basi," akasema daktari.

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na nadhani nilifanya yote mawili. Daktari akaendelea, sasa akiongea na yeye zaidi kuliko na mimi. Akasema kuona kwamba mtoto analala sana lilikuwa jambo zuri, kwa kuwa dawa hii kweli huweza kuwalaza watoto, na akina bibi wanaoangalia kwa makini namna hiyo ndio anaowataka. Ila kazi ya kuangalia ni kumleta mtoto hospitali, si kumwaga maziwa. Na ya ng'ombe tumbo la mchanga haliyawezi. Tutalazwa hapo ili wamwangalie. Atarudi kwenye titi leo hii. Atapimwa uzito kila wiki. Mbele ya safari, mwili wake ukikomaa, atajimudu, na kwangu wataona kama dawa yangu inahitaji kubadilishwa.

Nikauliza swali la mwisho. Je, anaweza kuniahidi kwamba mtoto wangu hatapata kifafa kamwe?

"Siwezi," akasema. "Hakuna anayeweza. Lakini watoto wengi wa wenye kifafa hawapati, na huyu leo hana."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Angeniahidi, nisingemwamini hata kwa yale mengine.

Pale wodini nikamweka kifuani. Alikuwa amechoka kulia na amesahau kidogo, akawa analitafuta titi kwa pua, analipita, anakasirika. Mama mkwe wangu akapiga magoti sakafuni, akamshika kichwa kwa kiganja, akamwelekeza. Alipolishika, alinyonya kwa nguvu mpaka nikaguna. Maziwa yakamjaa mdomoni yakamwagika shavuni, na bibi yake akayafuta kwa kidole, akakitia kidole mdomoni mwa mtoto, ili hata hayo yasipotee. "Ndaga," akamwambia, kumshukuru mtoto mchanga kwa kunyonya. "Ndaga fijo."

Kutetemeka hakukuisha siku hiyo wala kesho yake. Kulipungua, kukawa kwa kidevu tu, kisha kwa kulia sana tu, kisha nikawa nakutafuta sikuoni. Tulirudi Ipyana mpunga ukiwa unaanza kubeba mashuke.

Baadaye kidogo wakaja akina mama wa kanisani kumwona mtoto, kama desturi, na mchele na sabuni na nyimbo zao. Kulikuwa kumejaa mpaka barazani. Mtoto akaamka analia, nami nikanyanyuka kwenda chumbani, maana jioni ilikuwa imefika, na ni saa ya kumeza na ya kunyonyesha, mambo mawili niliyozoea kuyafanya mlango ukiwa umefungwa. Mmoja wa wageni, mwanamke mwema asiyejua kunyamaza, akasema mtoto anaonekana mlegevu, na kwamba kuna uvumi wa dawa fulani ninazotumia, na yeye angekuwa mimi angempa maziwa ya kopo.

Nikasimama pale mlangoni, mtoto mkononi. Nilikuwa na jibu, na lilikuwa baya. Nilisubiri mama mkwe wangu aanze kuuliza bei ya kakao.

Akainuka. Akaenda jikoni, akarudi na kikombe cha maji. Akapita katikati ya wageni wote, akaingia chumbani kwangu, akatoka na vidonge vyangu vikiwa juu ya kiganja, wazi, kila mtu anaona.

"Mkwe wangu ana kifafa," akasema. "Anameza dawa, haanguki. Dawa inapita kidogo kwa mtoto, daktari anajua, na mimi najua. Huyu mtoto si mlegevu, ameshiba." Akaninyooshea kikombe. "Meza, mwanangu. Kaa hapa hapa."

Nilimeza mbele yao. Kisha nikakaa kwenye kiti cha mbele kabisa, katikati ya mchele na sabuni, nikafungua blauzi, nikamnyonyesha binti yangu.